Eka Tatu: Zanzibar chini ya Mzee Karume, 1964–1972

Kabla ya 1964, mkulima wa Kiafrika aliyeishi ndani ya shamba la mikarafuu la Unguja aliruhusiwa kupanda muhogo, mahindi na viazi vitamu chini ya miti ya tajiri. Alilipa kwa kupalilia. Mkarafuu au mnazi hakuruhusiwa kuupanda, maana mti unaodumu humpa aliyeupanda hoja ya kudai ardhi. Hata kibanda chake kilisimama kwa hisani ya mwenye shamba, na hisani hiyo ingeweza kuondolewa asubuhi yoyote.

Utawala wa miaka minane wa Sheikh Abeid Amani Karume ulimpa mkulima huyo eka tatu, ukampeleka mtoto wake skuli bila ada na ukamtibu bure. Utawala huohuo ukamnyima kura, gazeti, wakili na ruhusa ya kusafiri. Mara nyingi habari hii husimuliwa nusu. Wanaompenda Mzee Karume huhesabu eka na maghorofa, na walioumizwa naye huhesabu magereza na waliopotea. Naamini pande hizi mbili zina shina moja: kila alichokitoa Mzee alikitoa kwa hisani ya serikali, na mtu anayeishi kwa hisani hana pa kukimbilia mwenye hisani anapobadilika.

Visiwa vya mafungu: hadi 1957

Karafuu zilistawi Unguja na Pemba katika karne ya 19, chini ya Seyyid Said bin Sultan na watoto wake, kwa jasho la watumwa. Uingereza ilipoifanya Zanzibar nchi ya hifadhi mwaka 1890, na utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897, mashamba yalibaki kwa wenyewe. Wengi waliokuwa watumwa wakabaki palepale, sasa wakiwa wakaazi wa shambani wasio na chao. Wengine walihamia mjini, ng'ambo ya hori, upande ulioitwa Ng'ambo, wakajenga nyumba za udongo na makuti zilizotazamana na majumba ya mawe ya Mji Mkongwe.

Waingereza waliwatawala watu kwa mafungu: Waarabu, Wahindi, Waafrika, Wangazija, Washirazi. Kila fungu lilikuwa na jumuiya yake, na hata mgao wa chakula wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ulifuata asili ya mtu. Mwarabu aliandikiwa mchele, na Mwafrika akapewa nafaka iliyohesabiwa kuwa ya watu wa chini. Kwa hiyo asili ya mtu ilionekana hata kwenye sahani, miaka mingi kabla ya mwanasiasa yeyote kupanda jukwaani.

Pemba mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mengi ya baadaye. Huko wenyeji wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, wameoana na Waarabu, na chuki dhidi ya mwenye shamba haikuwa kali kama Unguja.

Zama za siasa: 1957–1963

Wazanzibari wenyewe huiita miaka hii zama za siasa. Chama cha Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, kiliundwa mwaka 1955, na kiongozi wake mashuhuri alikuwa Sheikh Ali Muhsin Barwani. Februari 1957 Waafrika na Washirazi waliunganisha jumuiya zao, na muungano huo ukaja kuwa Afro-Shirazi Party (ASP) chini ya Karume. Huyu alikuwa baharia wa zamani, aliyekuwa akiongoza waendesha mashua waliokuwa wakiwashusha abiria wa meli bandarini. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani, lakini alijua kusema na watu wa Ng'ambo kwa lugha yao. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo alimshinda Ali Muhsin mwenyewe katika jimbo la Ng'ambo, na Hizbu haikupata kiti hata kimoja.

Baada ya hapo siasa iliingia majumbani. Wenye mashamba waliwafukuza wakaazi waliojulikana kuwa ni wa ASP, na watu wa ASP wakasusia maduka na mabasi ya wapinzani wao. Ilifika mahali jirani hakwendi harusini kwa jirani, na wengine hawakuzikana. Kwa jamii ya Kiislamu ya visiwa, ambako kumzika maiti ni wajibu wa wote, huo ulikuwa mpasuko mkubwa kuliko matusi yoyote ya jukwaani.

Chaguzi zilizofuata ziliongeza uchungu. Ule wa Januari 1961 ulimalizika kwa sare. Ule wa Juni 1961 ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu wa mashamba. Chama kipya cha ZPPP, kilichoongozwa na Mohammed Shamte na chenye nguvu Pemba, kiliungana na Hizbu kuunda serikali. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Watu wa ASP waliona wamedhulumiwa kwa kalamu. Karume na wenzake walitoka hapo na funzo baya, kwamba sanduku la kura ni mtego, na funzo hilo lilikuja kulipiwa na nchi nzima.

Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, Sultan Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi na Shamte waziri mkuu. Serikali mpya ilifanya makosa ya haraka. Iliwaachisha kazi askari polisi wenye asili ya bara bila kuwarudisha makwao, ikawaacha mjini wakiwa na ujuzi wa silaha na hasira ya kukosa mkate. Mapema Januari 1964 ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, aliyekuwa amejitoa Hizbu mwaka uliotangulia. Babu akavuka kwenda Dar es Salaam.

Kutoka Mapinduzi hadi Muungano: Januari–Aprili 1964

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari, siku chache kabla ya Ramadhani, watu mia kadhaa wenye mapanga, mikuki na pinde walivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni na kuzitwaa bunduki. Kufikia mchana Sultan alikuwa baharini. Redioni ilisikika sauti ya John Okello, mzaliwa wa Uganda, akijiita jemadari na kutoa vitisho vya kutisha.

Siku zilizofuata ziliacha jeraha ambalo halijapona. Waarabu wa mashamba ya Unguja waliuawa kwa familia nzima, wanawake walibakwa na maduka ya Wahindi yaliporwa. Idadi ya waliouawa haikuwahi kuhesabiwa. Makadirio huanzia maelfu machache na kupita elfu kumi, na kila upande una yake. Wengi wa waliouawa hawakuwa matajiri. Walikuwa wenye viduka na wakulima wadogo waliofanana kwa kila hali na majirani waliowaua, isipokuwa kwa nasaba.

Karume akawa rais na mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, Abdulla Kassim Hanga makamu wake, na Babu akashika mambo ya nje. Okello aliondolewa mwezi Machi. Vyama vyote isipokuwa ASP vikafutwa, na Umma kikamezwa ndani yake. Kisha tarehe 22 Aprili Karume na Julius Nyerere, rais wa Tanganyika, wakatia saini Hati za Muungano, na tarehe 26 nchi mbili zikawa moja.

Muungano huo ulimsaidia Karume zaidi ya ilivyodhaniwa. Babu na Hanga, waliokuwa na elimu na mtandao wa nje, walipewa kazi za Muungano upande wa bara. Visiwani akabaki Mzee na Baraza lake, watu ambao hakuna aliyewachagua kwa kura na ambao kwa sababu hiyo hawakuwajibika kwa mpiga kura yeyote.

Miaka ya kutoa: 1964–1970

Tarehe 8 Machi 1964 Karume alitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya serikali. Ugawaji wa eka tatu tatu ulianza mwaka uliofuata na kuendelea hata baada ya kifo chake, ukawafikia zaidi ya watu elfu ishirini. Kwa mtu aliyekatazwa kupanda mnazi, kukabidhiwa eka tatu zenye mikarafuu iliyokwishakomaa kulikuwa kama kuzaliwa upya. Nasema hivi kwa moyo mmoja. Hakuna tawala nyingi za Afrika Mashariki zilizomshika mkono mnyonge wa shamba kwa kiasi hiki, na kwa haraka hii.

Septemba 1964 elimu ikatangazwa kuwa bure. Skuli za jumuiya za Wahindi na za wamishonari zilitwaliwa, milango ikafunguliwa kwa watoto wa shamba na wa Ng'ambo. Hospitali nazo zikawa bure. Wazee wasio na wa kuwatunza walijengewa nyumba Sebleni na Welezo, jambo lililomgusa sana Karume mwenyewe. Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar iliitambua mapema mwaka 1964 wakati nchi nyingi zisizo za kikomunisti zilikuwa zinaikwepa, ilituma wajenzi. Uchina ilituma madaktari na wakulima.

Mwaka 1968 wataalamu Wajerumani walichora ramani mpya ya Ng'ambo, na Karume akaamua kwamba watu wa nyumba za udongo wataishi katika maghorofa yenye umeme, maji ya bomba na choo ndani. Ndivyo yalivyozaliwa majengo ya Michenzani, marefu kiasi kwamba watu huyaita treni. Mengine kama hayo yalijengwa shamba na Pemba. Familia iliyopewa nyumba haikulipa kodi.

Lakini tazama namna yalivyojengwa. Nyumba za zamani zilibomolewa bila mwenyewe kuulizwa. Wafanyakazi wa serikali, wanafunzi na wananchi wa mitaani walitakiwa kujitolea kubeba mawe na kuchanganya zege, na asiyejitolea aliandikwa jina. Tazama pia eka tatu zenyewe: aliyepewa hakuruhusiwa kuziuza, na serikali ilikuwa na uwezo wa kuzitwaa tena. Mkulima alikuwa ametoka kwa mwenye shamba mmoja na kuingia kwa mwingine, mpole zaidi na mkarimu zaidi, lakini bado mwenye shamba. Karafuu zake aliziuza kwa serikali peke yake, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia. Aliyezivusha kwa magendo kwenda Mombasa alihatarisha maisha yake.

Neno la Baraza ndiyo sheria

Katika miezi ya mwanzo zilitolewa amri zilizompa rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila mashtaka na kutwaa nyumba au shamba bila fidia. Katiba ya uhuru ilikuwa imefutwa, na nyingine haikuandikwa katika uhai wa Karume. Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria, likazitekeleza na mara nyingine likahukumu. Magazeti huru yalifungwa. Karume hakuficha msimamo wake kuhusu uchaguzi: alisema waziwazi kuwa hautafanyika kwa miongo mingi, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa chombo cha wakoloni cha kuwagawa watu. Aliyeshuhudia 1961 na 1963 anaweza kuelewa alikoutoa uchungu huo. Lakini wananchi wa Ng'ambo waliompigia kura mwaka 1957 hawakuwa wamemruhusu awafungie njia hiyo milele.

Idara ya usalama iliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki ilikuwa na masikio kila mtaa. Watu walijifunza kunyamaza barazani, mahali ambapo tangu zamani Mzanzibari hukaa jioni akanywa kahawa na kusema alitakalo. Kuondoka nchini kulihitaji kibali, na kibali kilikuwa kigumu. Vijana wengi walitoroka usiku kwa ngarawa na mashua kuelekea Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Mwishoni mwa muongo huo kijana mmoja mwenye umri wa miaka 18, Abdulrazak Gurnah, aliondoka kwenda Uingereza. Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Pemba ilionja zaidi. Mapinduzi yalikuwa yamefanyika Unguja, Wapemba wengi walikuwa wamevipigia kura vyama vilivyopinduliwa, na watawala waliopelekwa huko waliwatendea kama watu walioshindwa vitani. Watu wazima, wakiwemo wazee wenye heshima, walichapwa bakora hadharani mbele ya watoto wao. Kumbukumbu ya bakora zile ilipita kutoka baba kwenda mwana, na ilikuwepo vituoni Wapemba walipopanga foleni kupiga kura miaka ya 1990.

Mapinduzi yakaanza pia kuwameza walioyafanya. Mwaka 1969 Kassim Hanga na Othman Shariff, wote wawili waanzilishi na watetezi wa ASP, walikuwa bara. Nyerere aliwakabidhi Zanzibar, ambako walituhumiwa kula njama na kuuawa. Othman Shariff alikuwa ameiwakilisha nchi kama balozi Washington. Hanga alikuwa makamu wa rais wa serikali ya Mapinduzi. Hawakupewa kesi ya wazi ambayo jamaa zao wangeweza kuisikiliza. Nyerere, aliyeitetea haki ya mnyonge kusini mwa Afrika kwa ufasaha mkubwa, kwa hili alinyamaza kwa muda mrefu, kwa sababu Muungano ulikuwa mchanga na alichelea kuuvunja. Naona bei hiyo ilikuwa kubwa mno.

Kisha mahakama zenyewe zikabadilishwa. Sheria ya 1969 ilianzisha Mahakama za Wananchi, ambazo mahakimu wake walikuwa watu wa chama wasio na mafunzo ya sheria. Wakili hakuruhusiwa kusimama humo, na rufaa ya mwisho ilipanda hadi kwa wakuu walewale wa Mapinduzi.

Miaka ya mwisho: 1970–1972

Septemba 1970 wasichana wanne wa Kizanzibari wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na jamaa zao wa kiume waliopinga wakakamatwa. Karume alilitetea jambo hilo kuwa ni njia ya kuondoa ubaguzi wa rangi katika ndoa, kwani zamani Mwarabu alimuoa Mwafrika lakini hakumwoza binti yake. Kilio cha enzi za nyuma kilikuwa cha kweli. Lakini binti wa miaka kumi na kitu hakuwa na deni lolote la historia la kulipa kwa mwili wake, na ndoa bila ridhaa haikubaliki katika sheria ya Kiislamu ambayo visiwa viliishi kwayo. Dunia nzima ilipiga kelele.

Fedha za kigeni zilizotokana na karafuu zilirundikwa benki London, huku Karume akiapa kuwa nchi haitaishi kwa mikopo. Mwaka 1971 uagizaji wa mchele, unga wa ngano na sukari ulikatwa, na watu wakaambiwa wale walicholima. Foleni zikaanza alfajiri. Muhogo ukawa mlo wa kutwa katika nchi ambayo wali ndio chakula cha heshima. Kazi ya kupambana na malaria ilikuwa imesimamishwa mwaka 1968, ugonjwa ukiwa umepungua sana, na sasa homa ilirudi kwa kishindo. Elimu bure na tiba bure zilikuwepo bado, lakini walimu na madaktari wengi walikuwa wamekimbia.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, Karume alikuwa Kisiwandui, makao makuu ya ASP, akizungumza na wenzake kama ilivyokuwa desturi yake. Kundi la watu wenye silaha likaingia. Mmoja wao alikuwa Luteni Humud Mohamed Humud, ambaye baba yake aliuawa na serikali ya Mapinduzi. Karume alipigwa risasi na kufa, na Humud naye aliuawa palepale. Ndipo likaja wimbi la kukamatwa watu. Zaidi ya watu 80 walishtakiwa katika kesi ya uhaini bila mawakili wa kuwatetea. Babu alishtakiwa akiwa kizuizini bara, kwa kuwa safari hii Nyerere alikataa kumpeleka Zanzibar. Aliachiwa mwaka 1978. Mwandishi Adam Shafi, aliyefungwa katika wimbi hilo, aliandika riwaya ya Haini kutokana na yale yaliyowapata wafungwa.

Baada ya Mzee

Aboud Jumbe, aliyemrithi, alilegeza kamba polepole. Mchele ukarudi madukani. ASP na TANU, chama tawala cha bara, ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Zanzibar ilipata katiba yake ya kwanza ya enzi ya Mapinduzi mwaka 1979 na Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Katiba ya 1984 iliandika haki za raia, na Mahakama za Wananchi zikaondolewa katikati ya miaka ya 1980. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na ramani ya kura ya 1995 ilifanana mno na ile ya 1963. Amani Abeid Karume, mtoto wa Mzee, alikuwa rais kuanzia mwaka 2000, na kabla ya kuondoka madarakani mwaka 2010 alikaa meza moja na Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF, Mpemba, wakakubaliana serikali ya umoja wa kitaifa iliyoidhinishwa kwa kura ya maoni.

Wengi waliokimbia hawakurejea. Sultan Qaboos alipoingia madarakani Oman mwaka 1970 aliwaita wenye asili ya huko, na waliotoka Zanzibar na elimu yao wakajaza wizara, hospitali na skuli za Muscat, ambako Kiswahili kinasikika hadi leo. Elimu ile Zanzibar ilikuwa imeigharimia.

Hakuna tume iliyoundwa kuhesabu waliouawa Januari 1964 wala waliopotea hadi 1972. Baraza la Mapinduzi bado limo ndani ya katiba, na Rais wa Zanzibar ndiye mwenyekiti wake. Ardhi nayo bado ni mali ya serikali. Mjukuu wa aliyepewa eka tatu pembezoni mwa mji hukata vipande na kuviuza viwanja kwa karatasi za mkono, kwa sababu sheria haimruhusu kuziuza, na mnunuzi hujenga nyumba ya matofali juu ya ardhi ambayo hati yake hana.